Cheti cha mazingira kitangulie mkataba wa maji?

Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nchini Tanzania kinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharimiwa; ikipitishwa, mradi hupewa cheti cha mazingira. Kuanza kila mtu anakukumbuka. Kwenye fedha ndipo mambo hulegea: njia ya bomba imeshachorwa, mfadhili ameshakubali, ndipo mtaalamu wa mazingira anaitwa aandike ripoti ya kuhalalisha mchoro.

Wanaolalamikia ucheleweshaji wana hoja nzito. Chanzo cha Capripoint jijini Mwanza kina uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na Butimba kiliongeza lita milioni 48, lakini kuyapandisha maji hadi makazi ya milimani ni kazi nyingine. Mradi ukikwama, anayeumia ni anayenunua maji kwa ndoo. Tena si kila kazi inahitaji ripoti nene. Bomba la mtaa linalofukiwa kando ya barabara iliyopo halina sababu ya kusubiri kama mtambo mpya, na kanuni zilizorekebishwa 2018 tayari zinapanga miradi kwa uzito wa athari zake.

Kwa chanzo kipya katika Ziwa Victoria, hata hivyo, haraka hiyo ina gharama. Maji ya Ghuba ya Mwanza hubadilika kwa msimu. Pepo za kusini za Juni hadi Agosti huyachanganya juu hadi chini. Miezi ya joto yakijitenga kwa tabaka, ya chini hupungukiwa oksijeni, na chuma na manganizi huyeyuka kutoka kwenye tope. Ukiweka mdomo wa bomba chini mno, unavuta hayo. Ukiuweka juu mno, unavuta mwani, ambao huziba machujio ya mchanga na kula klorini. Sampuli za wiki moja ya kiangazi haziwezi kukuonyesha yote mawili. Dawa yake ni kuanza kuchota sampuli wakati wa upembuzi yakinifu, ili tathmini isidai mwaka wake wa peke yake.

Halafu kuna maji ya kuoshea machujio, ambayo kwa kawaida hula asilimia 2 hadi 5 ya uzalishaji. Kwa mtambo wa lita milioni 48, hizo ni lita 960,000 hadi milioni 2.4 kila siku, zimebeba tope la shabu, dawa ya kutuamisha uchafu. Zikirudishwa ziwani karibu na bomba la kuchotea, mtambo unasafisha uchafu wake wenyewe. Bwawa la kutuamishia tope linataka ardhi, na ardhi hiyo lazima iwemo kwenye fidia tangu mwanzo. Isiwe pia ndani ya mita 60 za ufukwe zinazolindwa na kifungu cha 57 cha sheria hiyo hiyo, wala mita hizo zisipimwe ziwa likiwa limeshuka: Mei 2020 maji yalipanda hadi kufikia rekodi ya 1964.

Ushirikishwaji ndio sehemu inayofanywa kwa mazoea. Mkutano wa saa nne asubuhi, katika siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, unawakuta wavuvi wa dagaa wamelala baada ya kukesha na taa ziwani, na wanawake wako mwaloni, samaki wanakoshushwa, wanaanika dagaa. Karatasi ya mahudhurio itajaa, lakini hatapatikana wa kusema nyavu zinapita wapi. Uitishwe siku za mbalamwezi, mwaloni penyewe. Nchini Kenya, mwaka 2019, baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na upungufu wa ushirikishwaji ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo kwa chanzo, mtambo na mabwawa ya majitaka, cheti kitangulie saini. Mabomba ya mtaani yapite njia fupi. Sababu kubwa ni ya kimkataba. Masharti ya cheti yakitoka kabla ya zabuni, bwawa la tope na vipimo vya kila mwezi vinaingia kwenye jedwali la gharama na wazabuni wanashindana bei. Yakitoka baada ya saini, mkandarasi aliye peke yake ndiye anayetaja bei ya nyongeza, na mhandisi mwenye bajeti iliyokwisha huanza kuuliza sharti lipi linaweza kusubiri awamu ya pili.