Lawama ya Spea za Kichina Tumeitupa Pasipo Pake

Hapa Mtwara, pikipiki ya zamani ikikata cheni, au ikianza kutoa moshi wa bluu wiki chache baada ya injini kufunguliwa, hukumu hutolewa papo hapo kijiweni: spea ya Kichina. Mwenye chombo hulalamika, fundi hutikisa kichwa, mwenye duka huapa kwamba mzigo ujao utakuwa orijino, na pesa ya kununua kitu kile kile kwa mara ya pili huanza kutafutwa. Nimekaa vya kutosha kwenye gereji za Magomeni na za karibu na stendi ya Mkanaledi kuamini kwamba hukumu hiyo, ingawa kuna siku huwa ya haki, mara nyingi humwangukia asiyehusika. Vipuri vingi mbadala hufa mapema kwa sababu vimefungwa kwenye mashine iliyochakaa bila mtu yeyote kupima kilichochakaa ni kipi na kimechakaa kwa kiasi gani.

Kuna vitu viwili ambavyo mazungumzo yetu huvichanganya. Kipo kipuri mbadala, kilichotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina la kiwanda hicho hicho, na kipo kipuri bandia, kilichobandikwa nembo ya Honda au Yamaha ilhali hakikupitia kwao kamwe. Cha kwanza ni biashara halali. Cha pili ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kukifuatilia. Ajabu ni kwamba mnunuzi wa kawaida hukikimbia cha kwanza kwa sababu boksi lake lina jina asilolijua, kisha akalipa zaidi kwa cha pili kwa sababu boksi lina jina analolijua. Kwa pikipiki iliyokwishaacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita, boksi jipya linalong'aa lenye nembo kubwa na bei ya kutupa linapaswa kukutia shaka kuliko boksi la kahawia lisilo na mbwembwe.

Chukua Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, na wahandisi wake waliibuni makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hupata huduma kwa nadra: valvu zake husukumwa kwa fito badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani ya injini, na injini nzima inafunguka kwa vifaa vya kawaida. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, ndiyo maana ujazo wake hufika sentimita za ujazo 124. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na hadi leo pikipiki nyingi za Kichina za ujazo wa 125 ni watoto wake. Kwa hiyo mtu mwenye CG ya zamani hajakosa vipuri. Kwa hakika ana bahati kuliko mwenye pikipiki ya kisasa iliyotoka kwa miaka michache tu na kupotea. Lakini bahati hiyo ina mtego wake. Kiwanda kimoja kilibadilisha matundu ya boliti za spoketi, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, kingine kikabadilisha urefu wa pistoni kutoka kwenye pini hadi kichwani, na vyote viwili vikaendelea kuandika "CG125" juu ya boksi. Jina hilo linakuonyesha ukoo wa kipuri, na vipimo inabidi uvitafute mwenyewe.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja wa Mikindani akipokea silinda ya CG kwa mzee aliyetoka Tandahimba. Mzee alikuwa na pistoni mpya ya saizi ya kawaida, tayari amekwishailipia. Fundi aliiweka pembeni, akachukua ringi ya juu peke yake, akaitumbukiza ndani ya silinda na kuisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akachomeka fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi, kwenye mwanya ulio kati ya ncha zake. Sehemu ya chini ndani ya silinda, bamba lilibana. Akaivuta ringi hadi karibu na mdomo wa silinda, mahali inaposugua zaidi, na bamba lile lile likapita bila kugusa pande zote mbili.

"Mzee wangu, silinda yako imepanuka juu, chini bado. Nikikufungia hii leo, korosho hazijaanza kuuzwa utakuwa umesharudi hapa na moshi."

"Kwa hiyo wameniuzia pistoni feki?"

"Hapana, pistoni ni nzima. Silinda ndiyo imechoka."

Mafundi wangapi wangefanya hivyo? Wengi wangefunga, wangelipwa, na mwezi uliofuata lawama ingekwenda kwa wauzaji wa Kariakoo. Njia sahihi kwa silinda ya namna ile ni kununua pistoni iliyozidi saizi, ambayo kwa kawaida hupanda kwa robo ya milimita, yaani 0.25, 0.50 na kuendelea, kuipima pistoni yenyewe kwa maikromita, kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita, na baada ya hapo tu kuipeleka silinda kwenye mashine ichongwe ifuate kipimo cha pistoni iliyopo mkononi. Wanaochonga kwanza na kununua baadaye hujikuta na mwanya uliozidi kwa sehemu chache za mia za milimita, na katika injini ndogo hizo ni nyingi. Wakati wa kufunga, alama ya IN kwenye kichwa cha pistoni ya Honda huelekea upande wa kabureta, na maandishi madogo ya kila ringi hutazama juu. Baada ya hapo chombo kipewe kilomita mia kadhaa za mwendo wa wastani bila kubebeshwa mizigo, na oili ya kwanza imwagwe mapema. Najua kumwambia bodaboda asibebe mizigo msimu wa korosho ni kumchekesha, lakini injini haijui msimu.

Hata pistoni ikifungwa kwa usahihi wote huo, kuna kipuri cha bei ndogo kinachoweza kuiua, nacho ni filta ya hewa. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, una mchanga laini unaopanda hewani kila tairi linapopita, na kuanzia katikati ya mwaka huongezeka salfa, unga wa njano unaopulizwa mikorosho kuikinga na ugonjwa wa ubwiriunga, ambao bodaboda hao hao huubeba kwa mifuko hadi mashambani. Sponji nyingi mbadala zinachuja vumbi vizuri; tatizo ni kwamba ukingo wake haulingani na kasha la zamani lililopinda, na hewa hupita pembeni bila kuchujwa. Mchanga unaoingia hapo huchanganyika na oili na kusaga ringi na kuta za silinda. Ukitaka kuhakikisha, paka grisi kidogo kwenye ukingo wa filta, endesha siku chache, kisha ufungue: penye vumbi lililoganda upande wa ndani wa mstari wa grisi ndipo hewa inapopenya. Nimeona kasha lililopasuka likizibwa kwa kipande cha mpira wa tyubu na likafanya kazi vizuri, na nimeona injini mbili za gereji moja zikifunguliwa upya kwa sababu hakuna aliyelitazama kasha.

Cheni nitaipita haraka kwa kuwa mafundi wetu wanaijua, ila wateja hawawasikilizi. Cheni ya 428 ina hatua ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, na spoketi iliyokwishapinda meno kama ndoana huivuta kwa hatua nyingine. Anayebadili cheni peke yake kwa kubana matumizi huitoa kafara cheni mpya, na huyo ndiye anayepaza sauti zaidi kijiweni.

Beringi ndizo kipuri mbadala ninachokinunua bila wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu namba zake ni za viwango vya kimataifa. Beringi ya 6301 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 37 na unene wa milimita 12, iwe imetengenezwa Japani, China au India. Soma namba kwenye beringi ya zamani, dai namba hiyo, na kwa mazingira yetu ya mchanga na hewa ya chumvi chagua yenye herufi 2RS, kwani hiyo ina kizuizi cha mpira pande zote mbili.

Umeme unahitaji tahadhari ya aina nyingine. CG za mwanzo zilikuwa za volti 6 na platini za kukata na kuunga umeme wa plagi, na kuzihamishia kwenye CDI, boksi la kielektroniki linalofanya kazi hiyo, ya volti 12 ni uamuzi mzuri iwapo utabadili mfumo mzima, kuanzia koili za sumaku hadi balbu. Kasheshe huanza kwenye CDI zenyewe: ipo inayopata umeme wake kutoka kwenye koili ya injini na ipo inayotegemea betri, na maboksi yao madogo meusi hufanana kiasi kwamba muuzaji huweza kukupa yoyote kwa nia njema kabisa. Kabureta nalo lina kishawishi chake. Vijana hupenda kufunga lenye koo pana kuliko la asili wakitarajia mwendo, wakaishia na plagi nyeusi na bili kubwa ya petroli.

Kwenye breki sikubali kabisa hoja ya unafuu. Shuu mbadala zisizojulikana zilikotoka, ambazo utando wake umegundishwa vibaya, zinaweza kubanduka ukiteremka mteremko wa Newala na abiria nyuma. Hapo lipa zaidi, na hata hapo pima: magurudumu mengi yameandikwa ndani kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa cha ngoma ya breki, na ngoma iliyopita kipimo hicho haitashika vizuri hata ukiiwekea shuu bora kiasi gani.

Ninachowaomba wenye maduka ya hapa mjini ni jambo moja. Desturi ya kuandika "spea" kwenye risiti na kukataa kurudishiwa chochote inawalazimisha wateja kufunga kisichofaa, maana kuagiza kingine kutoka Dar es Salaam ni kusubiri basi, na mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga mwanzoni mwa Mei 2024 kusubiri huko kulirefuka kweli kweli. Andikeni kipimo, kwa mfano "pistoni CG, 56.75", wekeni venia, kifaa cha kupimia kipenyo na unene, kaunta, na mkubali kupokea kipuri kilichorudishwa ndani ya siku mbili kikiwa hakijafungwa wala kupakwa oili. Mteja naye aende dukani na kipuri cha zamani mkononi, kimeoshwa, ili kuwe na kitu cha kulinganisha kabla pesa haijabadili mikono.