Mguu hunyooka kliniki, hurudi nyumbani

Asubuhi ya kliniki ya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, verandani, utawakuta akina mama wamekaa chini, kila mmoja na beseni lake. Mtoto kalala mapajani, mguu mweupe wa plasta umezama majini, na mama anatafuta kwa kucha mwisho wa bendeji. Akiupata anafumua polepole, kama mtu anayefumua sweta kuukuu. Nilikaa pale mara tatu nikimsindikiza dada yangu kutoka Busia. Ninachokumbuka zaidi ni kimya kinachoingia mguu unapojitokeza. Kila mama anautazama wa mwanawe, kisha anauibia jicho wa jirani.

Mpwa wangu alizaliwa na nyayo zinatazamana. Ndio unaoitwa mguu kifundo, yote miwili. Siku ile ile majirani walikuwa na majibu tayari: dada aliruka kamba ya mbuzi akiwa mjamzito, hapana, ni marehemu babu ana kinyongo. Madaktari wenyewe hawajapata chanzo kimoja. Wanajua kwamba huenda katika ukoo, na kwamba wavulana hupatwa zaidi ya mara mbili kuliko wasichana. Waliochunguza watoto wachanga katika hospitali za Uganda walikuta mguu kifundo kwa mtoto 1.2 katika kila 1,000. Kwa nchi inayozaa kama yetu, hao ni karibu watoto 2,000 kila mwaka. Mbuzi gani hao wa kufungwa kamba zote hizo?

Tiba ipo, na ni ya zamani. Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliichapisha mwaka 1963, na kwa miongo mitatu wenzake wengi hawakumjali. Waliendelea kupasua. Miguu iliyopasuliwa sana ilikuja kuwa migumu na yenye maumivu utu uzimani, lakini kisu kina heshima yake, na plasta inaonekana kazi ya mtu mdogo.

Siyo kazi ya mtu mdogo. Nilimtazama ofisa mmoja wa mifupa akiifanya kwa ukaribu wa kuhesabu vidole vyake. Dada alimpa mtoto ziwa kwanza ili atulie. Ofisa aliweka kidole gumba upande wa nje wa mguu, juu ya mfupa mmoja tu, talasi, akauzuia hapo hapo. Mkono mwingine ukaipeleka sehemu ya mbele ya mguu nje, kidogo kidogo, bila nguvu. Pamba ikazungushwa, halafu plasta mbichi, hadi kwenye paja, goti limekunjwa. Plasta ikiishia chini ya goti mtoto ataivua kama soksi. Wiki ijayo, tena. Plasta tano au sita hivi, kisha kwa watoto wengi kano ya kisigino inakatwa kwa tundu dogo la ngozi, na plasta ya mwisho inakaa wiki tatu kano ikiota upya. Madaktari wa zamani walikuwa wanabonyeza pasipo penyewe, karibu na kisigino, na mguu ulikwama. Ponseti aliliita kosa la Kite, kwa jina la daktari aliyelifundisha.

Na hapa nijivune kidogo, kwa sababu Waganda hatujui sehemu yetu katika habari hii. Alama wanazotumia duniani kupima ukali wa mguu kifundo, ishara sita, kila moja sifuri, nusu au moja, ni za Shafique Pirani, daktari wa Kanada aliyekulia hapa Uganda. Yeye na wenzake ndio waliowapiga watoto picha za MRI, za kuona ndani ya mwili, wakaonyesha mwaka 2001 kwamba plasta hazinyooshi mguu kwa nje tu, zinabadilisha hata umbo la mifupa michanga. Viatu vya chuma ambavyo watoto huvaa baada ya plasta vilibuniwa Kampala, katika kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa, na Michiel Steenbeek, Mholanzi: ngozi, mbao, fito ya chuma inayoviunganisha viwili, kazi ya fundi wa kawaida, kwa gharama isiyofika dola 10. Kisigino kina tundu la kuchungulia kama mguu umeketi. Na wizara yetu ya afya ilishaipitisha njia ya Ponseti kuwa ndiyo ya kwanza katika hospitali zake. Malawi nako, utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba maofisa tabibu wanaiweza vizuri bila daktari bingwa kusimama juu yao.

Sasa ugomvi wangu.

Mpwa wangu alipotoka plasta ya mwisho miguu yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Watu wa kliniki walifurahi, wakapiga picha, wakaandika alama sifuri. Dada akapewa viatu na kadi ya Kiingereza, yeye anayesoma Kiswahili, na akaambiwa mbio mbio, foleni ikiwa ndefu: saa 23 kwa siku miezi mitatu, halafu kila anapolala, mpaka miaka minne au mitano. Miaka, jamani. Plasta zilichukua miezi miwili. Viatu ni karibu utoto mzima.

Usiku wa kwanza mtoto alilia mpaka alfajiri. Wa tatu, mama yetu akaamka akavivua.

"Mama, daktari amesema asivuliwe."

"Daktari amelala kwake. Mimi nimezaa saba, sijamfunga hata mmoja chuma."

Dada alikuwa na uchovu wa kukosa usingizi, duka la kufungua saa kumi na mbili, na mume safarini Juba na lori. Akanyamaza. Baada ya miezi minne mguu wa kushoto ulianza kuangalia ndani tena. Verandani wana neno moja tu kwa jambo hili: umerudi. Wanalisema kwa sauti ya chini, kama deni.

Ponseti na wenzake waliandika kwamba kwa familia zilizofuata viatu barabara mguu ulirudi kwa asilimia 6. Kwa zisizofuata, kwa zaidi ya asilimia 80. Nimesoma tarakimu hizo mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye neno "zisizofuata". Linamweka mama kizimbani. Safari moja ya kliniki ilimgharimu dada shilingi 30,000, boda, matatu na chai, achilia mbali duka lililofungwa. Mtoto anakua, kiatu kinambana, kingine kiko kule kule kliniki. Kwa hesabu hiyo ningeshangaa kama kila mtu angefuata.

Ninachotaka watafiti wetu wafanye ni kuhama veranda waje nyumbani. Tafiti nyingi zinamhesabu mtoto mguu unaponyooka, na mfadhili anataka namba hiyo kwa sababu inapatikana ndani ya mwaka mmoja wa ruzuku. Wagonjwa wa Ponseti kule Iowa walifuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 30. Ripoti ya mwaka 1995 ilikuta asilimia 78 wana miguu mizuri, na watu waliozaliwa bila tatizo walikuwa asilimia 85. Iowa mtu ana anwani. Busia mtu ana laini tatu za simu na mbili zimezimwa, kwa hiyo kumfuata kunahitaji mhudumu wa afya wa kijiji anayejua mlango, na mhudumu huyo hana hata nauli ya boda. Mji wa mpakani, lilikozaliwa neno boda boda, na mtoto anakosa boda!

Jaribuni hili: nusu ya familia zipewe nauli na mtu wa kuwatembelea, nusu ziendelee kama sasa, kisha tuwahesabu watoto wakifika miaka mitano. Na bibi aitwe kliniki siku ya viatu, akae mbele. Najua watasema huo si utafiti wa mifupa. Sawa, lakini mifupa ilishajibu.

Mpwa wangu alirudishiwa plasta, tatu safari hii. Mama yetu ndiye aliyempeleka mara ya pili, dada akiwa dukani. Sijui aliona nini kwenye mabeseni yale, hajanisimulia. Nikilala kwao siku hizi nasikia fito ya chuma ikigonga ukuta, mtoto akijigeuza. Ikinyamaza muda mrefu, mama huwasha tochi ya simu na kwenda kuchungulia kwenye tundu la kisigino.