Meza ndogo chumbani kwa mgonjwa

Katika jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kikatoliki, zile za majirani wanaosali pamoja nyumbani, swali la "nani anaumwa wiki hii?" huulizwa mwisho kabisa, michango ikishasomwa na watu wameanza kutafuta viatu mlangoni. Hapo ndipo Komunyo ya wagonjwa, yaani Ekaristi wanayopelekewa nyumbani, inapoharibikia. Padre mwenye vigango kadhaa, yale makanisa madogo ya parokia, atajuaje kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajafika kanisani tangu Kwaresima? Anayejua ni jirani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele miaka ya 1970, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Jumuiya isiyofikisha majina ya wagonjwa parokiani, kwangu mimi, ni kikundi cha kukusanya bahasha.

Jina liende kwa katekista au padre siku mbili tatu kabla, na maelezo kamili: nyumba ilipo, kama mgonjwa anaweza kumeza, kama anataka kuungama, na wangapi watapokea. La kuungama lisisahaulike. Mhudumu mlei wa Komunyo haungamishi wala hatoi Mpako wa Wagonjwa. Akitumwa yeye kwa mtu anayetaka kitubio, itabidi padre atafutwe upya. Aulizwe mgonjwa mwenyewe, tena faraghani. Tunajuana mno: nani hajafunga ndoa kanisani, nani "hapokei". Hayo ni ya padre. Kumhoji mtu kitandani mbele ya wakwe zake ni ukatili, hata ukianza na ishara ya msalaba.

Idadi nayo ina sababu yake. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inawaondolea wazee, wagonjwa na wanaowauguza ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo. Kwa hiyo binti aliyemnywesha mama uji, naye akapata kikombe chake, hana sababu ya kusimama mlangoni akitazama. Wengi hawalijui hili, na Hostia, yaani mkate wa Ekaristi, huhesabiwa kabla ya kutoka.

Kutoka kwenye tabernakulo, mahali Ekaristi inapohifadhiwa kanisani, mhudumu huenda moja kwa moja kwa mgonjwa, kile kisanduku kidogo cha Ekaristi kikiwa ndani ya mfuko wake, shingoni. Hapitii sokoni kununua nyanya. Hostia ikibaki inarudishwa kanisani. Hailali kabatini nyumbani.

Wenyeji waandae stuli au meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, glasi ya maji na kijiko. Neti ya mbu ikunjwe na kufungwa juu kabla kiberiti hakijawashwa. Feni izimwe, redio pia.

Panapohitaji utulivu zaidi ni kwenye kumeza. Mgonjwa ainuliwe kwa mito mpaka kichwa na kifua viwe juu. Akimeza huku amelala chali anaweza kupaliwa. Kama mdomo umekauka, alainishwe kwanza kwa maji kidogo. Hostia nzima ya nini? Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha, maana Kristo ni mzima hata katika kipande. Baada ya "Amina", apewe kijiko cha maji, asubiriwe ameze, ndipo cha pili. Asilazwe papo hapo. Anayetapika mfululizo asilazimishwe. Asiyeweza kabisa kumeza kigumu, padre anaweza kumpa Damu ya Kristo, hata tone. Kipande kikitemwa, kiwekwe kwenye maji mpaka kiyeyuke, kisha maji yamwagwe kwenye udongo safi pasipokanyagwa. Kisanduku huoshwa kwa maji kidogo, na maji hayo hunywewa.

Yote haya hayajitoshelezi. Yustino, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, akimwandikia Kaisari huko Roma kwenye mwaka 155 hivi, alieleza kwamba mashemasi waliwapelekea Ekaristi wasiokuwapo, na kwamba katika kusanyiko lilo hilo wenye nacho walitoa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Na Paulo aliwagombeza Wakorintho kwa sababu mezani mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Basi jumuiya ifike pia na unga, maharage, sabuni, nauli ya kliniki. Ila vipitie jikoni, siku nyingine ikibidi, bila picha za simu. Na kumfuta mgonjwa kwenye orodha eti hajamaliza mchango wa ujenzi ni kosa lile lile la Korintho, limevaa sare ya kamati.

Parokia nyingi huwatembelea wagonjwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ni utaratibu mzuri kwa anayeumwa muda mrefu. Kwa anayeelekea kufa, Ijumaa ni mbali: Ekaristi kama masurufu ya njiani hutolewa saa yoyote, hata kama alishapokea asubuhi ile ile. Simu ipigwe angali anaweza kuitikia Amina.