Kifurushi cha Uingereza, nondo za Kampala: nani apange programu ya miundo?

Mhandisi wa Kampala anayefungua Tekla Structures, programu ya kuchora miundo ya majengo kwa modeli, huulizwa swali kabla hajasimamisha nguzo hata moja: mazingira ya nchi gani, yaani kifurushi cha mipangilio na orodha za vifaa kilichoandaliwa kwa nchi ipi? Orodha ni ndefu, na wengi hubofya Uingereza. Si chaguo baya. Kizazi kizima cha wahandisi wa hapa kimelelewa kwa viwango vya Uingereza, BS 8110 ya zege na BS 5950 ya chuma, tunapima kwa milimita, tunachapisha kwenye A1 na A3, na jedwali la kukunja nondo tulilolizoea ni la Waingereza.

Ubishi huanza baada ya hapo. Kuna wakuu wa ofisi wanaosema kifurushi kiachwe kama kilivyotoka kiwandani, kwa kuwa kimetengenezwa na kukaguliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wengine wanataka kila kampuni iwe na folda yake yenye orodha yake ya chuma, majina yake ya zege, fremu yake ya mchoro na namna yake ya kuhesabu namba za vipande. Mimi niko na hawa wa pili, ila folda ninayoitaka ni ndogo kuliko yao. Tena naona kambi zote mbili zimeliruka swali lile la kwanza, la nchi, wakidhani ni kazi ya kijana wa kompyuta.

BS 8110 na BS 5950 ziliondolewa rasmi Uingereza mwaka 2010, nafasi yake ikachukuliwa na Eurocode, viwango vya pamoja vya Ulaya. Kwa hiyo anayechagua Uingereza leo akidhani anarudi kwenye viwango alivyosomea chuoni anakuta vingine. Kwenye mizigo tofauti haitishi. Chukua slabu yenye mzigo wa kudumu wa kN (kilonewton) 10 kwa mita ya mraba na mzigo wa matumizi wa kN 5. BS 8110 inazidisha kwa 1.4 na 1.6, jibu 22. Eurocode inazidisha kwa 1.35 na 1.5, jibu 21. Jengo haliangushwi na hiyo moja, mradi usichukue mizigo ya kiwango kimoja ukaipimia kwa uwezo wa kiwango kingine.

Penye hatari ni jina la zege. Katika BS 8110, C25 ni zege ambayo mchemraba wake wa majaribio unabeba N (newton) 25 kwa milimita ya mraba. Katika Eurocode, zege ya daraja C25/30 ina 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba. Sasa tuseme aliyekokotoa amekusudia C25/30, lakini aliyetengeneza kiolezo cha mchoro alitaka kuokoa nafasi, kikaandika “C25” tu. Mchoro unafika saiti, mkandarasi anapeleka michemraba maabara, inavunjika kwenye 26, na wote wanafurahi. Kumbe waliyomwaga ni zege ya C20/25, daraja moja chini ya iliyokokotolewa. Hakuna aliyedanganya wala aliyeiba saruji. Kosa limekaa kwenye kisanduku kimoja cha mipangilio, na litajirudia kwenye kila mradi utakaoanzishwa kwa kiolezo hicho.

Programu za kukokotoa nazo, kama Tekla Structural Designer au ProtaStructure, zinataka ueleze nchi. Eurocode inaiachia kila nchi ijaze baadhi ya thamani katika kiambatisho chake, na ukichukua kiambatisho cha Uingereza unachukua pia upepo wao na theluji yao. Uganda ina theluji, ni kweli, kule kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, ila sijasikia mtu aliyeombea kibali cha ghala huko. Theluji uliyosahau kuiondoa kwenye mipangilio itakuongezea gharama ya paa, basi. Tetemeko ni habari nyingine. Mjenzi wa kawaida wa Uingereza halifikirii, kwa hiyo mipangilio iliyoandaliwa kwa ajili yake haina sababu ya kukukumbusha. Sisi tuna bonde la ufa upande wa magharibi. Toro ilitikiswa vibaya mwaka 1966, Fort Portal ikatikiswa tena mwaka 1994, na Uganda ina kiwango chake cha matetemeko, US 319 cha mwaka 2003. Shule ya ghorofa tatu Kasese, kwenye bonde hilo, haipaswi kuanza na mipangilio ileile ya shule ya ghorofa tatu Soroti, mashariki. Hilo ni la kuamuliwa na mhandisi aliyesajiliwa na kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa hesabu, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa.

Tuje kwenye kampuni. Tekla hutafuta faili zake kwa ngazi: kwanza folda ya modeli yenyewe, kisha folda ya mradi, kisha folda ya kampuni, mwisho folda ya mfumo iliyokuja na kifurushi. Inachokikuta kwanza ndicho inachotumia. Utaratibu huu ndio nguvu ya wanaotaka folda ya kampuni. Weka mara moja fremu ya mchoro yenye nafasi ya Block na Plot (namba za eneo na kiwanja) kama ardhi ya Buganda inavyoandikwa, nafasi ya jina na namba ya usajili ya mhandisi, na kila modeli mpya itaipata. Fremu ya Waingereza haijui Kyadondo, kaunti ya Buganda, ni nini. Orodha ya chuma nayo ni hivyohivyo. Kifurushi kitakuwekea mbele mihimili ya kila ukubwa inayotengenezwa Ulaya, wakati fundi wa Katwe, hapa Kampala, anauziwa mirija ya mraba, angle na bapa zinazotengenezwa hapahapa, na mhimili mzito unategemea kilichoteremshwa Mombasa. Kijana aliyetoka chuo juzi atachagua kilichomo kwenye orodha. Ukimpa orodha ya soko la London atachora soko la London, halafu mkandarasi atabadilisha kienyeji bila hesabu. Mabadiliko ya namna hiyo yananitisha kuliko kosa la mchoraji.

Ila wanaopinga nao wana hoja, na nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Ngazi zilezile zinageuka mtego. Ukinakili faili ya katalogi, yaani orodha ya vyuma ya programu, ukaiweka kwenye folda ya kampuni, umeigandisha: maboresho yanayokuja na toleo jipya yanabaki chini kwenye mfumo, hayakufikii, na programu haitakuambia. Vilevile mtu akiongeza wasifu wa chuma (umbo na vipimo vyake) akiwa ndani ya modeli, katalogi iliyobadilishwa huhifadhiwa kwenye folda ya modeli, na tangu hapo modeli hiyo inajitegemea hata kampuni ikirekebisha yake. Baada ya miaka michache ofisi ina katalogi nyingi zenye jina moja. Mwenye folda naye ana tabia ya kuondoka. Miradi ya mafuta ya Hoima na bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Tanga imevuta wahandisi wengi wazuri, na anayeondoka huondoka na sababu za kila alichokibadilisha. Kwa ofisi ya watu watatu, kifurushi kisichoguswa kina faida moja kubwa: mgeni yeyote aliyejifunza programu hiyo anakijua tayari.

Ndiyo maana ninasema folda ndogo. Iwe na fremu ya mchoro, majina ya zege yaliyoandikwa kwa ukamilifu, nondo za kipenyo kinachouzwa hapa pamoja na urefu wa mita 12 ili programu ijue pa kuunganishia, na orodha fupi ya vyuma ambavyo ofisi imehakikisha vinapatikana. Kandokando iwekwe faili ya maandishi ya kawaida inayosema nani alibadilisha nini, lini na kwa nini. Rangi, njia za mkato za kibodi na mapambo mengine kila mtu abaki nayo kwake. Nimeona ofisi zikibishana rangi ya mihimili kwa bidii ambayo hawakuitoa kwa daraja la zege.

Matakwa ya mteja mkubwa yasiingie humo. Kampuni ya kigeni ikikuletea mfumo wake wa namba na viwango vyake, hivyo ni vya folda ya mradi; ngazi hiyo imewekwa kwa kazi hiyo, na mradi ukiisha vinaondoka nao.

Yapo pia maoni kwamba yafaa pawe na kifurushi kimoja cha Uganda nzima, cha wote. Lingekuwa jambo zuri, hasa kwa tetemeko na upepo, ambavyo havina sababu ya kutofautiana kati ya ofisi moja na jirani yake. Kwa orodha ya chuma sina hakika, maana kinachopatikana Mbale leo si lazima kiwepo Arua, na orodha ya kitaifa isiyosasishwa itakuwa na maradhi yaleyale ya folda iliyogandishwa, safari hii kwa nchi nzima.

Limebaki suala la majengo ya zamani. Mwenye jengo la ghorofa mbili lililokokotolewa kwa BS 8110 anataka kuongeza ya tatu. Modeli yake isivutwe kwenye mipangilio mipya ili tu ifanane na nyingine za ofisi. Nguzo zilizopo zipimwe zilivyo, C25 ya wakati ule isomwe kama C20/25, na mipangilio hiyo ikae ndani ya folda ya modeli hiyo peke yake, pamoja na maelezo ya kwa nini iko tofauti.