Ushahidi urekebishwe shahidi akiwa bado kizimbani

Abiria aliyeumia akishuka matatu pale Roysambu, Nairobi, anaulizwa na wakili wa bima: "Gari lilipoondoka ulikuwa wapi?" Anajibu: "Nilikuwa nashuka." Hakimu, anayeandika kwa Kiingereza na kwa kasi, anaweka kwamba shahidi alishuka, kisha gari likaondoka. Kesi nzima imegeuka hapo. Aliyekuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ni abiria ambaye dereva hakumsubiri. Aliyekwisha kushuka ni mtembea kwa miguu, na ataulizwa mbona hakujiangalia.

Naamini mawakili wetu wa kesi za majeraha huchelewa sana kupigania rekodi, yaani maandishi ya ushahidi yanayobaki kwenye faili. Huisoma kwa makini baada ya kushindwa, wakati nafasi nzuri ya kuirekebisha imeshapita.

Kwa Wamarekani, shahidi huhojiwa nje ya mahakama kabla ya kesi, na maneno yake yote hunakiliwa. Chini ya kanuni zao za shirikisho, akiomba kabla mahojiano hayajaisha, hupewa siku 30 za kusoma nakala na kuorodhesha masahihisho pamoja na sababu zake. Sisi hatuna nafasi ya namna hiyo. Amri ya 18, sehemu ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010, inataka ushahidi kwa kawaida uandikwe kama maelezo, si swali kwa jibu, kisha hakimu atie sahihi. Swali linapoachwa nje, jibu hubaki likining'inia. "Ndiyo" ya shahidi huwa sentensi nzima ambayo hakuitamka.

Lakini Amri hiyohiyo inairuhusu mahakama, kukiwa na sababu maalum, kuandika swali fulani na jibu lake neno kwa neno, hata kwa ombi la wakili. Hii ndiyo silaha isiyotumika. Inatosha kusimama na kusema: "Mheshimiwa, naomba swali hilo na jibu lake viandikwe kama vilivyosemwa." Iombwe papo hapo. Tena maelezo ya shahidi huwa yameshawasilishwa kwa maandishi na yeye huyakubali tu kuwa ushahidi wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya yale hakimu anayoandika kwa mkono wake ni majibu ya kuhojiwa na upande wa pili. Hapo ndipo wakili anapaswa kutega sikio.

Mitego ya tafsiri inajulikana. "Saa mbili usiku" huandikwa "2 a.m.", yaani saa nane usiku, halafu haipatani na kitabu cha matukio cha polisi. "Mguu" ni paja hadi wayo, na "mkono" ni bega hadi vidole. Ripoti ya daktari ikitaja mfupa wa paja na rekodi ikataja wayo, jeraha linaanza kutiliwa shaka. "Nilikuwa kando ya barabara" hugeuka "nilikuwa barabarani". Kosa kama hilo likimbebesha mdai asilimia 20 ya lawama, fidia ya shilingi 600,000 inabaki 480,000.

Baada ya hukumu, chukua nakala iliyochapwa na uilinganishe na maandishi ya hakimu ndani ya faili. Mpiga chapa akiwa ndiye aliyekosea, andika barua kwa mahakama ukitaja ukurasa, mstari, kilichochapwa na kilichomo kwenye faili. Mpe nakala wakili wa upande wa pili, uombe nakala mpya iliyothibitishwa. Kosa likiwa kwenye maandishi ya hakimu mwenyewe, barua haitoshi. Peleka ombi mbele ya hakimu yuleyule, likiwa na hati ya kiapo na daftari lako lililoandikwa siku ya kesi. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai hakikusaidii hapa, maana kinahusu makosa madogo katika hukumu, dikrii (hati rasmi ya uamuzi unaotokana na hukumu) na amri, si ushahidi. Na usijaribu kuingiza jibu ambalo shahidi angependa angelitoa. Hilo si sahihisho.

Wakati huo siku 30 za kukata rufaa zinahesabika. Kifungu cha 79G cha Sheria hiyohiyo huondoa muda ambao mahakama ya chini imethibitisha ulihitajika kuandaa nakala ya dikrii au amri, lakini ni salama zaidi kuwasilisha hati ya rufaa mapema na kuacha rekodi ifuate. Mahakama Kuu itaupima ushahidi upya bila kumwona shahidi, ikisoma karatasi tu, na karatasi hiyo huchukuliwa kuwa sahihi hadi uthibitishe vinginevyo.

Hakimu akiwa amehamishwa, mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa aliyerithi faili hakusikia lolote. Hapo tafuta kwanza makubaliano yaliyotiwa sahihi na wakili wa upande wa pili kuhusu mistari inayobishaniwa. Akikataa, utabaki na daftari lako: liwe na tarehe, jina la shahidi, na maneno yake kwa Kiswahili alichokitumia, si kwa tafsiri yako.