Kaunti haina pesa, ina kiwanja

Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya makazi, serikali ya kitaifa ikabaki na sera. Pesa zimeelekea kwingine. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi hichohicho kutoka kwa mwajiri, huingia mfuko wa kitaifa chini ya sheria ya Machi 2024. Kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 415 kwa mwaka wa fedha wa 2025/26, na humo humo mna dawa za zahanati, barabara za mashinani na mishahara. Gavana anayetaka kujenga basi hugeukia alichorithi: viwanja vya manispaa ya zamani.

Mombasa ilianzia Buxton. Mtaa huo wa nyumba za umma za tangu ukoloni ulikuwa umechakaa, na kodi ndogo ya wapangaji haikuweza kuukarabati. Kaunti ilitoa ardhi, kampuni ya Gulf Cap Africa ikaleta mtaji, kila familia ikapewa shilingi 240,000 za kuhamia kwingine, na ubomoaji ukafuata.

Wanaoutetea mpango wa aina hii wana hoja nzito. Kaunti haikukopa wala haikupunguza senti ya hospitali. Pale palipokuwa na nyumba chache za chini sasa panapanda maghorofa. Na anayesema tungoje bajeti akumbuke kwamba Nairobi, jiji tajiri kuliko yote nchini, ilitoza kodi ya ardhi kwa daftari la thamani za viwanja la miaka ya 1980 kwa takriban miongo minne. Kungoja huko kungekuwa kwa muda gani?

Lakini mwekezaji lazima arudishe mtaji wake pamoja na riba ya benki, kwa hiyo huuza, na huuza kwa mamilioni. Mpangaji wa zamani alilipa mwezi kwa mwezi, bila amana wala mkopo. Leo dereva wa bodaboda akienda benki ataulizwa payslipu ambayo hajawahi kuwa nayo. Sheria yenyewe ya 2024 inawaweka wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi katika kundi lao, la nyumba za jamii, na hao ndio waliojaa kwenye mitaa hii inayobomolewa. Nyumba ikishauzwa, imetoka mikononi mwa umma. Dandora, Nairobi, mradi ulioanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja kama 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Leo vingi ni maghorofa ya kupangisha, na mwenye nyumba anakaa kwingine.

Ninaloona mimi ni kwamba ardhi ni pesa, ila haihesabiwi kama pesa. Wawakilishi wadi hukesha wakilumbana juu ya gari la wagonjwa, halafu ekari za katikati ya mji zinapita kama zawadi. Ikithaminiwa na mthamini huru na thamani hiyo ikaandikwa kwenye bajeti, kaunti itadai fungu lake kwa nyumba: ipewe idadi kadhaa, izipangishe, isiziuze.

Nitajibiwa kwamba kaunti ni mwenye nyumba mbovu. Kweli kabisa, malimbikizo ya kodi na nyumba zinazopangishwa tena kichinichini ni hadithi ya kila mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Huo lakini ni udhaifu wa usimamizi, na usimamizi waweza kukabidhiwa shirika la nje. Nyumba iliyouzwa haina dawa.

Gharama ya mtaji nayo isisahauliwe. Mukuru, Nairobi, ambako tozo ndiyo iliyojenga, bedsita, nyumba ya chumba kimoja, ilitangazwa kwa shilingi 3,900 kwa mwezi, mpangaji akiishia kuimiliki. Bei hiyo hakuna mkopo wa benki utakaoifikia. Mombasa ina mitaa mingine kwenye orodha, Khadija na Tudor ikiwemo. Kabla mkataba wowote haujatiwa saini, bunge la kaunti liulize: ardhi ina thamani gani, nyumba ngapi zitabaki za kupangisha, na sehemu gani ya tozo inayokatwa Mombasa itarudi Mombasa.