Sikulipua jiko la mesi, nilisema "rudia" tu

Kwanza kabisa, aliyewaambia kwamba nimelipua jiko la mesi ni mwongo. Namjua. Tunalala hanga moja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, na nina sababu ya kuamini anasoma hapa. Makombora yote yalitua pale pale yalipotakiwa kutua. Kilichozidi ni idadi.

Raia, sogeeni niwaeleze. Kwenye mizinga "rudia" si neno la mtu ambaye hajasikia. Ni amri: piga tena, vile vile, idadi ile ile, pale pale. Kama hujasikia unasema "sema tena". Tunaimbishwa hilo tangu ukuruta. Nililijua. Naomba liingie kwenye kumbukumbu kwamba nililijua.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye mzinga nabeba makombora. Mtu wa redio akapatwa na tumbo la kuendesha, nikaitwa mbio kilimani kwa afande luteni: yeye darubini, mimi redio. Nyuma yetu mizinga sita aina ya D-30. Mbele, gofu la lori. Tukarekebisha shabaha kwa mzinga mmoja: la kwanza likapitiliza, la pili likapungua, la tatu afande akatabasamu. Mizinga yote ikaachia, kombora moja moja. Lori likamezwa na vumbi. Kazi imekwisha, watu wakaanza kufikiria chakula.

Redio ikakoroma: "Mbu mbu mbu mbu, ova."

Nikabonyeza, nikaitafuta ile sauti nzito ya kijeshi. "Rudia, ova."

"Mbu mbu pokea, ova."

Huyu naye! Nikabonyeza tena, sasa kwa ukali, maana mtu akipewa redio kwa nusu saa anajiona jenerali. "Nimesema RUDIA!"

Ndipo huko nyuma nikasikia: du, du, dudu, du, du.

Afande akashusha darubini polepole. Hakunitazama. Alitazama juu, kama mkulima anayetafuta wingu. Kombora la milimita 122 likikupita juu linasikika kama mtu anachana shuka, na hapo yalikuwa yanachanwa mashuka sita. Sekunde 20 na kitu hewani. Mnajua ni muda mrefu kiasi gani? Nilihesabu vifungo vya kombati ya afande, nikarudi nikavihesabu kutoka chini. Kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Lori, marehemu wa siku nyingi, likafa tena.

"Nani kaagiza?" Kwa upole. Upole wa afande uogopeni kuliko fimbo.

Kabla sijajibu: du, dudu, du, du, du. Ile ya pili. Ile ya ukali.

"Afande, mimi nilimwambia tu arudie..."

Kidole gumba, ndugu zangu, kilikuwa bado kimebonyeza kitufe cha redio. Afande aliruka kama kipa, akaninyang'anya redio, akapiga kelele "Simamisha moto! Simamisha!" hadi kunguru wakahama kilima. Halafu akavuta pumzi, akaniinamia, akaingiza vidole kwenye sikio langu la kulia na kutoa kitu cha rangi ya chungwa. Akakishika mbele ya macho yangu.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Kizibo, afande."

"Cha kule kwenye mzinga?"

"Ndiyo, afande."

"Na cha kushoto?"

Nikakitoa mwenyewe. Kumbe ndege walikuwa wanaimba muda wote.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia: doso (adhabu ya kijeshi), mitutu sita nimeisugua peke yangu kwa brashi ndefu kuliko maisha yangu, maelezo ya maandishi mara mbili. Makombora 12 ya ziada, kila moja kilo 21 na ushee. Na nani aliyabeba mengine akiwa ameshavua buti kusubiri chakula? Huyo huyo wa kitanda cha juu. Ndiyo maana mgongo wake unaongea uongo mtandaoni.

Jana mama kapiga simu, mtandao unakatakata. "Mwanangu, umesikia nilichosema?" Sijasikia. Nikafungua mdomo: "Mama, ru..."

Hanga zima likanyamaza. Mtu mmoja kashika buti hewani. Kule juu kitanda kikalia kwiii, kichwa kikachungulia chini.

"Mama, sema tena."

Wakaguna wote, kama mpira umegonga mwamba.